Msilaumu udogo wa kifaa kwa ubovu wa gemu ya Goku

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme juu ya gemu moja ya mkononi iliyorudi kuuzwa hapa Mombasa na inayowavunja moyo watoto wetu. Ni Dragon Ball Z: The Legacy of Goku, ya Goku, shujaa wa katuni ya Kijapani Dragon Ball, iliyotoka mwaka 2002 kwa ajili ya Game Boy Advance, kifaa cha gemu cha mkononi cha Nintendo. Siku hizi mara nyingi huikuti peke yake. Imo ndani ya vile vifaa vya bei nafuu vinavyokuja na mamia ya gemu za zamani, vinavyopangwa kwenye meza za kando ya barabara kuanzia Mwembe Tayari mpaka Marikiti. Kaseti zake za mtumba nazo bado zapita mkono kwa mkono. Mtoto akishaona jina la Goku haulizi la pili.

Mimi ni fundi wa simu na vifaa vidogo, na Dragon Ball naijua tangu tulipokuwa tukikodi CD na kutazama nyumba nzima, watoto sakafuni na wakubwa makochini. Nalitaja hilo mapema kwa sababu wapo watakaouliza mwanamke mzima ana kazi gani na katuni. Goku nampenda. Akira Toriyama alianza kumchora mwaka 1984, na habari za kifo chake zilipotufikia Machi 2024 nilifunga kibanda mapema nikaenda nyumbani. Basi naandika kwa uchungu wa mtu anayemjua anayemtetea.

Malalamiko yalinifikia kupitia meza yangu ya kazi. Watoto waniletea kifaa wakisema kitufe cha kupiga kimekufa. Hapa pwani neno hilo huwezi kulipuuza, maana hewa ya chumvi hula shaba, na kifaa kilichokaa mwaka mmoja karibu na bahari huwa na kutu ya kijani ndani. Nafungua, napangusa kwa spiriti, natazama mpira ulio chini ya kitufe, napima kwa mita. Kitufe kizima. Naweka gemu nyingine, ya kandanda au ya magari, nacho chaitika kila ninapokibonyeza. Nairudisha ya Goku, ngumi yapita hewani. Salim, mtoto wa kaka yangu, alikuwa amesimama kando yangu akitazama, akasema, "Shangazi, mbona mikono ya Goku mifupi hivi?"

Hapo ndipo penye ubovu. Ngumi ya Goku katika gemu hii haimfikii mtu. Sharti umsogelee adui hadi karibu mgusane, na ukisogea kiasi hicho yeye ndiye anayekuwahi. Njia ya kujikinga haipo. Mtoto hubaki na mbinu moja tu: piga, kimbia, rudi, piga tena, na hivyo hivyo kwa saa nzima. Ama asimame mbali arushe miale ya nguvu mpaka iishe, kisha azunguke porini akisubiri ijae. Kuruka kupo, ila kuna kipimo chake, nacho huisha upesi. Yule Goku aliyevuka nchi kwa kupepea juu ya wingu, humu huenda kwa miguu, akitumwa huku na huko kutafutia watu vitu vyao vilivyopotea.

Na mbwa mwitu, Mhariri. Mwanzoni mwa gemu, karibu na nyumbani kwake, Goku hukutana na mbwa mwitu na nyoka, nao wamwua. Anayeifuata hadithi ajua kwamba kabla Raditz, kakaye Goku, hajatua duniani kama adui, Goku alikuwa amekwisha kumshinda hasimu wake Piccolo katika mashindano ya dunia. Ni baba wa mtoto, ni bingwa. Baadaye huenda akajizoeza kwenye sayari ya mwalimu wake King Kai ambako uzito ni mara 10 ya wa dunia, na akielekea sayari ya Namek hujizoeza ndani ya chombo chake mpaka mara 100. Mtu wa namna hiyo hafi kwa meno ya mbwa mwitu dakika chache baada ya kutoka mlangoni kwake. Salim alipouliwa na nyoka mara ya kwanza alinitazama kama aliyedhulumiwa, na kweli alikuwa amedhulumiwa.

Tuseme hivi. Kesho kijana wa Lamu au wa Kibokoni atengeneze gemu ya Fumo Liyongo. Kila aliyelelewa kwa hadithi za pwani hii ajua kwamba Liyongo hafi kwa mkuki wala kwa mshale. Hufa kwa sindano ya shaba kitovuni, kwa mkono wa mwanawe mwenyewe, na hata akisha kufa watu waogopa kwenda kisimani kwa sababu amepiga goti na upinde wake mkononi. Gemu ikimwangusha Liyongo kwa kuumwa na mbwa kabla hajafika kisimani, nani wa huku ataipokea? Tutasema aliyeitengeneza hakuisikia hadithi. Ndivyo nisemavyo juu ya gemu hii ya Goku.

Nimewaambia haya baadhi ya wauzaji, na jibu lao ni moja: gemu ni ya zamani, kifaa kidogo, ulitaka nini zaidi? Jibu hilo silikubali, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Game Boy Advance ilitoka mwaka 2001. Nimezifungua nyingi na nazijua. Kioo chake kina nukta 240 kwa 160 na hakina taa, kwa hiyo ukitaka kucheza usiku wakaa chini ya balbu. Hutumia betri mbili za AA. Ni kifaa kidogo, hakuna ubishi. Lakini mwaka 2003, mwaka mmoja tu baadaye, waliotengeneza gemu ile walitoa ya pili, The Legacy of Goku II, kwa kifaa hicho hicho, kioo hicho hicho, betri hizo hizo. Na hiyo ya pili ni gemu nzuri kweli!

Wapewa wahusika wa kuchezesha, Gohan, Piccolo, Vegeta, Trunks na Goku, na kila mmoja una sababu ya kumtumia, kwa kuwa ipo milango isiyomfungukia mwingine ila yeye, na hata yeye haimfungukii mpaka afikie kiwango kilichoandikwa mlangoni. Ngumi humfikia adui. Katika gemu ya kwanza, kugeuka Super Saiyan, yaani umbo lenye nguvu zaidi la watu wa kabila la Goku, hukungoja mwisho kabisa mbele ya adui mkuu Frieza. Katika ya pili, Saiyan, mtu wa kabila hilo, akishaupata uwezo huo wageuka unapotaka, na mtoto aliyengojea nywele zile za dhahabu huziona zikisimama kwa amri ya kidole chake. Ukitaka kwenda mbali waruka juu ya ramani ya dunia. Hadithi huanzia Trunks anapokuja kutoka wakati ujao na kufika hadi mashindano ya adui aitwaye Cell, na haikimbizwi. Salim aliicheza likizo nzima. Kila jioni akija kibandani alikuwa na la kunieleza, mara nyingi juu ya Piccolo, ambaye mimi nilikuwa simjali sana.

Basi kama kioo kile kilitosha mwaka 2003, kilitosha pia mwaka 2002. Walipoingia kazi ya kwanza walikuwa na jina ambalo mtoto yeyote angelinunua, na wakaliuza jina kabla ya kumtengeneza mwenye jina. Sisemi yote ni mabaya. Nyuso za wahusika zafanana nao, na mpangilio wa hadithi kutoka Raditz hadi Frieza umefuatwa. Lakini mtoto hakununua picha za nyuso.

Yupo mtoto wa jirani yangu ambaye Idi iliyopita hakuenda kumaliza pesa zake Makadara kwa bembea na sharubati kama wenzake. Aliziweka, akaongeza alizopewa na babu yake, akanunua kifaa kwa sababu kasha lake lilikuwa na picha ya Goku. Ndani gemu ya Goku ilikuwa moja tu, na ndiyo hii. Alipokirudisha aliambiwa kikishafunguliwa hakirudishwi. Mamake alinijia akiuliza kama naweza "kuirekebisha gemu". Ningerekebisha nini? Kiufundi kifaa chafanya kazi.

Wazazi wasiojua wangejuaje? Gazeti lako hutupa kurasa nzima za kandanda, tukasoma hata sababu ya kocha kumtoa beki. Gemu, ambazo watoto wa Kisauni, Likoni na Majengo hukaa nazo muda mrefu kuliko wanavyotazama kandanda, hazina hata safu moja kwa Kiswahili. Aliye na pesa na Kiingereza atatafuta kwenye intaneti maoni ya waliocheza. Mama auzaye mahamri alfajiri hana nafasi hiyo. Hutegemea maneno ya muuzaji.

Ninaloomba ni safu fupi, hata mara moja kwa mwezi, na hasa kabla ya Idi, Krismasi na likizo ya Agosti. Iandikwe na mtu aliyeicheza gemu mpaka mwisho. Aseme ni ya umri gani, yahitaji kusoma Kiingereza kiasi gani (hii ya Goku yahitaji sana, maana maagizo yote ni maandishi), na aeleze kama shujaa aliye kwenye kasha ndiye utakayemkuta ndani. Kwa kaseti za mtumba amwonye mnunuzi kwamba nyingi za bandia huhifadhi mchezo kwa betri ndogo ya ndani, na betri hiyo ikifa, ulipofikia hufutika. Hilo huwaliza watoto hapa kibandani kuliko jambo lolote.

Na wauzaji, ndugu zangu wa meza za jirani, nawaomba jambo dogo. Mtoto akija akiuliza ya Goku, na mnayo ya pili, mpeni ya pili. Bei ni ile ile.

Safu hiyo ikipatikana, mimi niko tayari kuandika ya kwanza bila malipo, na nitaanza na hiyo ya 2003.

Zuhura Mwinyi,
Mwembe Tayari, Mombasa