Orodha ya vifaa vya JKT itolewe mapema

Mhariri,

Naandika kuhusu wito wa wahitimu wa kidato cha sita kwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliorejeshwa mwaka 2013. Mafunzo siyapingi, mwanangu alirudi kutoka kambini akiamka kabla yangu!

Shida ni maandalizi. Kijana hutakiwa kuripoti na bukta ya bluu iliyokolea, fulana ya kijani, raba za kijani au bluu, shuka na nauli yake. Wito ukishatoka, raba hizo hupanda bei madukani Kigoma, na mama anayeanika dagaa Kibirizi analazimika kukopa. Kambi ya JKT Bulombora iko hapa hapa mkoani, lakini wapo wanaopangiwa mbali.

Naomba orodha itangazwe kabla ya mitihani, au vifaa viuzwe kambini kwa bei moja.

Mzazi,
Kigoma