Vijana wa mto hapa Mukuru, msidanganyike na maji yakianza kuonekana safi

Vijana wangu, hamjambo. Juzi nilisimama hapo kwa daraja nikawaona mkitoa matairi na magunia ndani ya mto Ngong, na maji yanapita mpaka yanasikika, kitu sijaskia huku miaka mingi. Mungu awabariki. Lakini kuna jambo lazima niwaambie.

Nikiwa kijana nilikuwa kibarua kwa kiwanda kimoja cha ngozi huku Industrial Area. Ngozi tulikuwa tunazungusha kwa pipa kubwa la mbao na dawa ya kromiamu, inatoka ikiwa bluu, na yale maji machafu yanawekwa kwa tanki yangoje mvua. Mvua kubwa ikianza usiku tunaambiwa fungua, na ni huu mkono wangu ulikuwa unafungua ile valvu, asubuhi mto umefura hakuna mtu anajua nini ilipita. Nisameheni kwa hilo.

Sasa hizo dawa haziendi zote na maji, nyingi inashika matope huko chini inakaa. Kwa hivyo yale matope meusi mnachota msirundike kando ya mto, mvua moja tu yamerudi, na msiweke kwa shamba ati ni mbolea. Sukuma wiki mngoje kwanza udongo upimwe, kwa sasa pandeni miti na mianzi. Na vaeni gambuti jameni, nimeona mmoja wenu ndani ya maji na slipasi!

Halafu wenye kumwaga sumu hawamwagi mchana mkiwa hapo. 2008 marehemu Michuki akiwa waziri wa mazingira alisafisha mto Nairobi tukafurahi, na uchafu ukarudi. Wekeni zamu usiku wa mvua, mwangalie mdomo wa kila paipu, mpige picha saa ionekane, mpeleke NEMA, ile mamlaka ya serikali ya kulinda mazingira, na wakinyamaza Katiba ya 2010 kifungu cha 70 kinaruhusu mtu yeyote kwenda kortini kwa ajili ya mazingira bila kuonyesha kuna aliyeumia. Haya maji yanaingia Athi, yanakuwa Galana, yanakuwa Sabaki mpaka baharini huko Malindi, na njia yote kuna watu na ng'ombe wao.

Magoti yangu hayawezi kuingia mtoni, lakini zamu ya usiku nitaketi. Mkishapanga siku niiteni, kuna paipu zimefunikwa na nyasi na najua zinatokea wapi.