Barua kwa mwanangu, kutoka Elegu

Mwanangu,

Nimerudi kutoka Juba lakini bado nimekwama hapa mpaka wa Uganda na Sudan Kusini, karatasi za gari hazijatoka. Barua hii nampa utingo wa mwenzangu, wao wanaondoka usiku huu. Juzi kwenye simu wewe ulinyamaza, mimi nikapaza sauti. Nisamehe, baba.

Nianze na lile deni. Hajati wa dukani alisema kweli, ananidai tangu Ramadhani: unga, sukari na mafuta ya kupikia. Aliyestahili kuaibishwa mbele za watu ni mimi, si wewe. Ulipookota lile jiwe ulikuwa unanitetea, najua, na ndiyo maana jambo hili linaniuma mara mbili. Lakini kabati la kioo ulilolivunja ni la mama wa watu anayetafuta riziki, na mkono ulioivunja riziki yake ni wako.

Shtaka walilokuandikia ni kuharibu mali kwa makusudi. Mtu mzima anaweza kufungwa hadi miaka 5 kwa kosa hilo. Wewe una miaka 16, na sheria ya Uganda inakuhesabu mtoto mpaka utimize 18, kwa hiyo njia yako ni nyingine. Mtoto huhojiwa na polisi mzazi au mlezi wake akiwepo. Ndiyo sababu nilimwomba shangazi yako aache meza yake sokoni akimbilie kituoni. Akakutoa kwa bondi, yaani dhamana ya polisi ya kuahidi kurudi ukiitwa. Bondi ya polisi ni bure, hakutoa hata shilingi moja. Nakwambia haya ili usije ukadanganywa kijiweni kwamba tulimhonga mtu.

Kinachonikosesha usingizi ni zile simu mbili wanazosema zimepotea dukani. Umeniambia hukuvuka kizingiti, nami nakuamini. Basi ukiulizwa, sema: nilirusha jiwe, nikavunja kioo. Usipunguze hapo, wala usiongeze. Simu usizikubali kwa woga ili mambo yaishe haraka. Wala usimtwike mwenzako ambaye hukumwona akizichukua kwa macho yako. Usilolijua, sema hulijui. Karatasi usiyoielewa usiitie saini, hata kama shangazi amechoka na anataka mrudi nyumbani. Na WhatsApp usiandike neno lolote juu ya habari hii, hata la kujitetea.

Nimezungumza na mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji chetu. Kosa la namna hii likifanywa na mtoto, sheria inaruhusu lisikilizwe kijijini, watu wapatanishwe, radhi iombwe, fidia ilipwe. Huko ndiko ninakoomba lirudishwe. Ikishindikana, likaenda mahakama ya familia na watoto, nitakaa ubavuni mwako. Kule hakuna umati wa watazamaji, na mtoto hata akionekana kweli alikosa, neno la kutiwa hatiani halitumiki kwake. Afisa wa ustawi wa jamii huenda akaja nyumbani kuuliza tunaishije. Mwambie kweli yote, pamoja na kwamba baba yako hukaa barabarani wiki tatu kwa wiki moja ya nyumbani.

Kwa Hajati usiende peke yako. Nikifika tutakwenda sote watatu, mchana, mimi nikiwa na pesa zake mkononi. Hapo ndipo utakapomwomba radhi kwa kinywa chako.

Kioo utakilipa wewe, kwa kuosha malori kule yadi wakati wa likizo. Nimeshaongea na msimamizi. Kwa hiyo kesho mfuate shangazi kwa fundi wa vioo, vipimo vya kabati anavyo shangazi. Ulizeni mafundi wawili, bei ya kioo kando, bei ya ufundi kando. Andika yote nyuma ya karatasi hii. Nitapitia Gulu, Lira, Soroti, Mbale hadi Tororo, na Ijumaa jioni, Mungu akipenda, nitakuwa Busia. Tutaisoma pamoja hiyo hesabu kabla sijavua viatu.

Baba yako