Nina laki sita na heller za babu: nianze na seti ipi ya mashindano?

Ndugu Mshauri,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama sivyo basi salaam. Mimi ni fundi saa, nina kimeza changu Ngamiani hapa Tanga, kwenye baraza la nyumba ya mtu. Kazi yenyewe siku hizi ni kubadilisha betri na kukata mikanda, maana kila mtu anatazama saa kwenye simu. Lakini lenzi ya jichoni bado ninayo, na hiyo lenzi ndiyo iliyoniingiza kwenye haya ninayotaka kukuuliza: mashindano ya kukusanya sarafu za kale.

Watu wakimwona mtu ana lenzi wanaamini anajua kila kitu kidogo. Nimeletewa vidani, nimeletewa mtoto ana mwiba kidoleni, na miaka mitatu iliyopita bi mkubwa mmoja wa Pangani alifungua fundo la kanga yake akanimwagia mezani sarafu saba, anataka nimsomee. Nne zilikuwa heller, visarafu vya zama za Mjerumani. Moja ilikuwa pesa ya shaba ya ile kampuni ya Wajerumani, ya 1890, tai upande mmoja na herufi za Kiarabu upande wa pili. Nikaisoma kwa herufi zilezile nilizochapiwa viboko chuoni: Sharika Almania, na mwaka wa Hijria, 1307. Bi mkubwa alicheka mpaka akajishika mbavu. Miaka yote aliitunza akidhani ni aya.

Hakuniuzia, na mimi sikumwomba. Nilichofanya ni kwenda nyumbani kulifukua kopo la babu. Babu alilirithi kwa baba yake, aliyekata mkonge Muheza zama za Mjerumani, na ndani yake mlikuwa na heller kumi na moja pamoja na senti za tundu nyingi alizoziongeza babu mwenyewe wakati wa Mwingereza. Hizo heller ni zile ndogo za shaba, taji huku, majani huku, za kati ya 1904 na 1913. Ukizigeuza chini ya lenzi unaona A au J ndogo: A zimepigwa Berlin, J zimepigwa Hamburg. Kabla ya 1904 rupia ilikuwa pesa 64, ndipo Wajerumani wakaigawa kwa heller 100, na mpaka leo mimi na wewe tunalalamika hatuna hela bila kukumbuka tumelitoa wapi hilo neno.

Sasa hapa naomba usinicheke. Heller zilikuwa nyeusi zenye uhudhurungi, rangi ya kokwa la tende. Mimi ni fundi, mkono wangu umezoea kung'arisha. Nikakamua ndimu, nikachanganya na majivu, nikachukua mswaki mkuukuu nikazisugua tano, moja baada ya nyingine, zikatoka na uwaridi kama waya wa umeme uliomenywa. Nilifurahi. Nikazipiga picha nikamtumia bwana mmoja wa Dar es Salaam ambaye amekusanya sarafu tangu ujana wake. Akanijibu neno moja: "Umeziua."

Baadaye alinipigia akanieleza kwa upole. Ule weusi ndio ngozi ya sarafu, umeota wenyewe kwa miaka mia na ushee, na ukishautoa haurudi. Wapimaji wa sarafu wakiiona iliyosuguliwa hawaipi namba ya daraja, wanaandika tu kwamba ni halali lakini imesafishwa. Kwa hiyo zangu za mashindano zilibaki sita.

Huyo bwana ndiye aliyenifungua macho kuhusu mashindano. Kuna kampuni mbili kubwa za Marekani, NGC na PCGS. Unawapelekea sarafu, wanaikagua kama ni halali, wanaipa daraja kwenye kipimo cha 1 mpaka 70, kisha wanaifungia ndani ya kasha gumu la plastiki lenye namba yake. Kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu ambayo haijapita mikononi mwa watu. Kila kampuni ina rejista: unaandikisha seti yako, yaani mkusanyo wa sarafu za aina moja, kila sarafu inaleta pointi kwa kadiri ya uadimu na daraja lake, na unapangwa na wenzako wenye seti kama hiyo duniani kote. Kujiandikisha ni bure. Sarafu zenyewe ndizo si bure.

Mshauri, mimi ni mtu wa bao. Sichezi kupitisha muda, nacheza nimfunge mtu. Niliposikia kuna bao la sarafu, na fundi wa Ngamiani anaweza kukaa juu ya daktari wa Texas, nikawa nimekwisha.

Uwezo wangu ni huu. Mwisho wa mwezi ni zamu yangu ya mchezo, napokea laki sita. Mke wangu anajua, na ameniruhusu zote kwa sharti kwamba ada ya shule ya Januari nisiiguse. Baada ya hapo naweza kutenga elfu thelathini kwa mwezi, mwezi mzuri arobaini. Kwa fedha hiyo nataka seti moja, ya kwanza, ambayo itanipa nafasi ya kweli. Sitaki kuwa mtu wa mwisho kwenye orodha mwenye sarafu mbili na mapengo kumi na tano.

Nilianza kuwaza sarafu zetu wenyewe. Zile za kwanza za Benki Kuu, za 1966: senti 5 yenye sulisuli, senti 20 yenye mbuni, senti 50 yenye sungura, na shilingi yenye mkono ulioshika mwenge, zote na sura ya Mwalimu upande wa pili. Ukizunguka kwa wauza vyuma chakavu unazikuta zimelala na makomeo na bawaba. Nikadhani nimepata mteremko. Yule bwana akaniuliza, "Na za mwenzako anazipata wapi?" Nikamwambia hukohuko kwenye vyuma chakavu. "Basi mtashindana kwa nini?" Ndipo nikaelewa. Sarafu inayopatikana na kila mtu, kuwa nayo si ushindi. Ushindi ni kuwa nayo ikiwa kama ilivyotoka kiwandani, na hapo kati ya daraja 65 na 67 bei inaruka ukuta ingawa macho ya kawaida hayaoni tofauti. Na senti zetu zilifanya kazi, bwana. Zilinunua kashata, zilikaa kwenye mifuko ya kaptula, zilianguka mchangani. Zile za chuma kilichopakwa nikeli, za mwishoni mwa miaka ya 80, hewa ya chumvi ya hapa Tanga imezila kabisa. Nina shilingi moja ya Raskazone yenye kutu mpaka kwenye mwenge. Kupata safi ingebidi ninunue Ulaya kwa watu waliozihifadhi tangu zikiwa mpya. Yaani niagize Mwalimu kutoka Ujerumani! Hilo linaniuma kidogo.

Njia ya pili ni fupi mno, na ndiyo inayonivuta kwa sababu ya bao. Mwaka 1936 mfalme Edward wa Nane alitawala Uingereza tangu Januari mpaka Desemba, akajiuzulu. Kwao sarafu zenye sura yake hazikutoka kwa wananchi. Lakini senti zetu za tundu za Afrika Mashariki hazikuwa na sura ya mtu, zilikuwa na jina tu na pembe za ndovu kuzunguka tundu, kwa hiyo zilitoka na zikatumika. Zipo za senti 5 na senti 10, nyingine zina alama H ya kiwanda cha Heaton, Birmingham, nyingine KN ya Kings Norton. Vipande vichache, umemaliza. Zilipigwa kwa wingi, kwa hiyo hata safi hazina bei ya kutisha. Kwenye kopo la babu nimekuta mbili, zimelika hadi jina la mfalme unalipapasa kwa kucha. Kuna muuzaji wa nje ameniwekea senti 10 ya KN iliyokwisha kufungwa kwenye kasha, daraja 65, laki moja na nusu pamoja na kuituma. Wasiwasi wangu ni kwamba Waingereza wengi wanamtafuta mfalme huyo, na wana fedha kunizidi. Seti fupi inajaa haraka, lakini inajaa kwa kila mtu. Tukishakuwa kumi tuliojaza, tunarudi kulekule kwenye 65 na 67.

Ya tatu ni heller, na hapa ndipo moyo ulipo. Wakusanyaji wake ni wachache kuliko wa Waingereza. Sita za babu ninazo, hazijaguswa na ndimu. Nikiibana iwe heller 1 peke yake, 1904 mpaka 1913, za A na za J, ni seti ya kueleweka. Nikiifungua iwe sarafu zote za Mjerumani nitafika Tabora 1916, walipozibiwa bahari na Mwingereza wakaanza kujipigia wenyewe: heller 5 na heller 20 zenye T, na rupia 15 za dhahabu zenye tembo. Ile ya tembo naiona kwenye picha tu, na naambiwa za kughushi zimejaa, kwa hiyo hiyo tuiache palepale. Tatizo la heller ni kupimwa. Sarafu lazima isafiri nje, na nikijumlisha ada ya kupima, posta, bima na kuirudisha, heller ya kawaida inakula mara kadhaa ya bei yake. Halafu huenda ikarudi na daraja 40, kwa sababu baba wa babu alikuwa anainunulia chumvi. Nitakuwa nimelipa laki kadhaa ili Mmarekani anithibitishie kwamba ukoo wetu ulikuwa maskini.

Bwana wa Dar anasema nisipeleke kitu. Ninunue zilizokwisha pimwa, moja moja, nianze na ile ngumu kuliko zote kwenye seti, maana rahisi zitanisubiri. Anasema pia seti ya sita iliyotimia ni bora kuliko ya arobaini yenye mapengo. Namwamini. Lakini huyohuyo ndiye aliyeniambia kuna mashindano ya kinyume, PCGS wanayo, ambako anayeongoza ni mwenye sarafu zilizochakaa kuliko zote, mpaka daraja la 1, mradi aina yake bado itambulike. Nilidhani ananitania. Hayo niliyoyaona ni ya dola za fedha za Kimarekani, vinginevyo Ngamiani nzima tungekuwa mabingwa.

Mke wangu naye ana lake. Alinisikiliza jioni nzima, akasema: "Hao wenzako wanashindania namba iliyoandikwa kwenye plastiki. Wewe unachokijua ni habari zake." Nikamwona hajaelewa, kumbe kaelewa kunizidi, maana kwa NGC upo pia upande wa seti huru: mtu anatunga mada yake, anaweka picha na maelezo, na tuzo inatazama ubunifu wa seti badala ya kuhesabu pointi. Ningeweza kuweka sarafu zilizopita mikononi mwa watu wa mkonge na reli ya Tanga, na heller zangu zilizosuguliwa zikapata angalau mahali pa kukaa. Ila Kiingereza changu ni cha kusoma vipuri vya saa. Na nikiwa mkweli, kushinda kwa maelezo hakunipi ile raha ya kumfunga mtu.

Nikuondolee shaka jambo moja. Kuna kijana ananiletea vitu anavyosema kavitoa magofu ya Tongoni. Hivyo sigusi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na hata isingekuwepo, pale pana makaburi ya watu.

Basi swali langu, Mshauri, na kwa msomaji yeyote aliyewahi kujenga seti ya namna hii kwa fedha ya kuungaunga. Nichukue ile ya mfalme wa 1936, niikamilishe ndani ya mwaka mmoja nijifunze mchezo kwa gharama ndogo, hata nikibaki katikati ya orodha? Au niende moja kwa moja kwenye heller 1, ninunue mbili tatu nzuri zilizokwisha pimwa kwa laki sita yote, nikubali kukaa na mapengo miaka mitano? Na zile sita za babu, je, kuna hata moja inayostahili safari ya Marekani, au zibaki koponi zilivyo? Muuzaji wa ile senti 10 ananisubiri mpaka tarehe 30, na mchezo napokea tarehe 28.

Fundi Saa,
Ngamiani, Tanga