Barua kwa mwanangu: usipike mbegu

Mwanangu Baraka,

Kumbe huko Njombe ulikopangiwa mvua ni msimu mmoja tu. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, wala si baridi. Huku Ngara ukipoteza mbegu vuli, jirani atakugawia masika. Huko ukizipika, umezipika.

Chupa iliyo kati ya mablanketi ni nusu kilo ya mbegu ya Umubano, yale maharage ya kupanda mitini, mekundu madogo yanayong'aa. Mbegu hii asili yake Teopisca, Mexico, ikapitia Rwanda ndipo ikatufikia. Imetoka mbali mno kuishia kwenye sufuria ya mwalimu mseja.

Kata mapema miti ya kupandia maharage, ya mita mbili na nusu, nusu mita iingie ardhini. Ikiwa mifupi, marando yatajirudia kileleni, maganda yafunikwe na majani yaoze. Mstari hadi mstari nusu mita, shimo hadi shimo sentimita 20, mbegu mbili mbili, samadi konzi moja. Urea achana nayo, itakupa majani ya mbuzi. Mche ukitafuta mti, uelekeze taratibu, wewe una mikono ya haraka. Ukiutazama kutoka juu, unapanda kinyume cha mshale wa saa. Ukiulazimisha upande mwingine, kesho utaukuta umejinasua. Umande ukiwepo usiingie shambani, utasambaza magonjwa kwa nguo zako.

Mbegu zitenge KABLA ya kula, si zile zitakazobaki. Chukua kwenye mashina yaliyozaa vizuri. Ganda lenye kidonda cheusi kilichobonyea liache, hata punje zake zikionekana nzima. Maganda yakikauka chuma, usingoje yote. Fukusi hutaga humo humo shambani. Kisha tia punje kidogo na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa. Chumvi ikiganda kwenye chupa, punje hazijakauka, zirudishe juani. Zikikauka, jaza chupa ya mbegu hadi shingoni, fukusi akose hewa, ufunge kabisa.

Usinikumbushe lile debe la mbegu nililolipika. Wageni walikuwa wengi, na njegere hazikuwepo.

Kwa ualimu wako najivuna kwa kila mtu hapa, ila kupiga simu hujui. Mbuzi mweusi kazaa mapacha. Baba yako analitafuta panga. Kama umeondoka nalo sema tu, tutanunua jingine. Hilo ulilonalo litakukatia miti.

Mama yako