Nilipunguzwa tumbo kwa upasuaji, mama mkwe anaamini nina mimba

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 38, naishi Makorora hapa Tanga na mume wangu na mtoto wetu wa kiume wa miaka 11. Kazi yangu ni kupika kwenye shughuli: harusi, maulidi, hitima, hata mahafali ya watoto. Nimeitaja kazi mapema kwa sababu taabu yangu yote imezunguka chakula, na sitaki unidhanie mtu asiyependa kula. Napenda kula na napenda kulisha watu, nimekulia humo.

Miezi kumi iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, Dar es Salaam. Nilikuwa na kilo 131, na urefu wangu ni sentimita 162. Sukari nilikuwa nayo mwaka wa sita, presha ikafuata. Lililonitisha zaidi ni usingizi. Nilikuwa nakoroma, halafu pumzi inakata kabisa, na mume wangu anabaki amekaa kitandani ananisikiliza mpaka nivute tena. Akanambia usiku mmoja kwamba anaogopa kulala kabla yangu. Nilishajaribu kujinyima, nilishatembea alfajiri kule Raskazone mpaka magoti yakavimba; nikapungua kilo 12, zikarudi 15.

Daktari alitueleza bila kuficha kitu. Wangeondoa zaidi ya robo tatu ya mfuko wa chakula na kuacha mrija mwembamba mfano wa ndizi. Sehemu inayoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa. Hairudishwi tena. Vidonge vya vitamini ni vya maisha. Tukauza kiwanja chetu cha Pongwe, tukaenda.

Kosa tulilifanya siku ya kuaga. Mama mkwe anaishi nasi, chumba cha uani, na mume wangu alisema mama yake hatakubali mtu aende kukatwa tumbo lisilomuuma. Tukamwambia nakwenda kutolewa uvimbe kwenye kizazi. Uongo wenyewe ulikaa vizuri mno: ulieleza kulazwa, ulieleza vile vidonda vidogo tumboni, ulieleza kwa nini sibebi ndoo. Hatukukumbuka kwamba mwanamke aliyetolewa uvimbe watu wanamsubiri azae.

Nilivyorudi, mama ndiye aliyeniuguza. Wiki za mwanzo nilikuwa kwenye vya maji tu, naye ananichujia supu ya kuku kwa kitambaa ili isibaki hata nyuzi. Nilipofika kwenye vya kuponda, ananipondea samaki na kiazi, anaonja mwenyewe kwanza kama ni laini, ndiyo ananipa. Kila asubuhi aliuliza kizazi kinaendeleaje. Nilikuwa namjibu, "Kinaendelea vizuri mama," halafu naangalia pembeni.

Namna ninavyokula sasa ni hivi. Leo asubuhi nimekula yai moja la kuchemsha. Nimeliweka kwenye kisosi, nikalikata vipande kumi kwa kijiko cha chai, kila kipande nikakitafuna mpaka kikawa maji, nikatua, nikavuta pumzi, nikaenda kingine. Dakika 20 zimepita na vipande viwili vimebaki, nimevifunika. Maji sinywi na chakula. Nasubiri nusu saa ndiyo naanza kunywa funda ndogo ndogo. Chupa yangu ya lita moja na nusu nimeichora mistari kwa kalamu ya wino, mstari mmoja kila saa, la sivyo inafika magharibi bado imejaa. Niliambiwa nipate protini gramu 60 kwa siku kwa uchache, na yai zima lina kama gramu 6 tu, kwa hiyo samaki, kuku, maharage, dagaa na mtindi ndivyo vinavyotangulia. Wali unakuja mwisho, na mara nyingi ukija haukuti nafasi. Ugali nimeuacha. Nilimeza tonge moja bila kutafuna vizuri, kifua kikaziba kama nimefungwa kamba, mate yakajaa mdomoni, nikakimbilia uani kutema povu jeupe. Kijiko kimoja kikizidi naadhibiwa saa nzima.

Haya yote nimeyazoea, Shangazi, na sijutii. Nina kilo 88. Daktari ameniondolea dawa za sukari, nalala usiku kucha, napanda ngazi za soko bila kushika ukuta. Nywele zilianza kutoka mwezi wa nne, kitana kinajaa, nikalia, lakini niliambiwa zitarudi na sasa naona zinachipua pale mbele. Ngozi ya mikono na ya tumbo imelegea. Hilo naona ni langu na mume wangu, tutalimaliza wenyewe.

Ambalo sijalizoea ni sinia. Huku kwetu shughuli ikiisha mnakaa wanne au watano kwenye sinia moja, mkono unaenda na maneno yanaenda. Mimi nikila matonge matatu nimefika. Nikinyanyuka mapema wanasema najivuna. Nikibaki nimekaa, mkono kwenye paja, mtu ananisogezea mnofu upande wangu kwa mapenzi, nami siwezi kuupokea wala kuurudisha. Zaidi ya hapo mimi ndiye niliyepika. Kuna mteja alishauliza kwa sauti kwa nini mpishi hali chakula chake. Hata kuonja chumvi kumekuwa kazi, maana masufuria sita ya kuonja ni mlo mzima kwangu, kwa hiyo nimemfundisha binti ninayefanya naye kazi aonje yeye.

Na mwili ukipungua haraka mtaani petu, watu wana jina moja tu la ugonjwa, unalijua. Lilisemwa kisimani, likasemwa msibani. Mama mkwe alilisikia. Akavaa baibui akaenda nyumba ya yule msemaji, akamwambia mbele ya wanawe: "Mwanangu katolewa uvimbe, mimi ndiye niliyemuuguza, mimi ndiye niliyemwosha." Alinitetea kwa ule ule uongo wetu. Tangu siku hiyo sijaweza kumtazama usoni sawasawa.

Sasa sikiliza la wiki mbili zilizopita. Walikuja mawifi na shangazi zake mume wangu, mama akakaanga kaimati. Akaniletea kisosi kwa mkono wake, nne zimelowa shira, akakaa mbele yangu. "Kula mwanangu, umebaki mifupa." Nilikula mbili kwa kuona haya. Haikupita robo saa moyo ukaanza kwenda mbio, jasho likanitiririka mpaka kwenye nyusi, mikono ikatetemeka, tumbo likasokota, nikajilaza kwenye mkeka pale pale mbele ya wageni. Mimi nilijua ni nini, niliambiwa sukari nyingi ikiteremka ghafla kwenye utumbo mdogo hufanya hivyo, dawa yake ni kulala chini na kuiacha ipite. Lakini mama alinishika kichwa akakiweka kwenye mapaja yake, akawaangalia wenzake, akasema taratibu, "Alhamdulillahi. Kashika mimba."

Shangazi, nilikuwa nimefumba macho na sikukanusha. Nilikuwa sina nguvu, huo ni ukweli, lakini jioni nguvu zilinirudi na bado sikusema.

Mimba haipo na haiwezi kuwepo. Daktari alinikataza kwa miezi 18 kwa sababu mwili unaopungua hivi hauna akiba ya kumlisha mtoto, akanionya kwamba uzito ukishuka mwanamke anaweza kushika mimba upesi kuliko zamani. Nina kijiti cha kuzuia mimba mkononi. Zamani mkono ulikuwa mnene, hakionekani. Sasa ngozi imelegea na ukipitisha kidole unakigusa. Navaa mikono mirefu hata jikoni kwenye moto, mama asije akanishika.

Nilimwambia mume wangu tumweleze mama. Amekataa. Anasema mama ana presha, anasema ataonekana yeye ndiye aliyemdanganya mzazi wake, na hilo ni kweli. Ushauri wake ni tunyamaze mwezi mmoja, kisha niseme mimba imetoka.

Hapo ndipo nimeshindwa. Baada ya mtoto wetu, mimba mbili ziliniharibikia kweli. Zote mbili mama huyu ndiye aliyenikanda kwa maji ya moto, akafua zile nguo kwa mikono yake, akakataa wifi yangu asizione. Siwezi kulala kitandani nikaigiza mbele yake kitu alichonisaidia kukipitia. Mume wangu anaona ni neno dogo la kumaliza jambo, na sitaki umfikirie vibaya, maana yeye ndiye aliyekuwa hoi wodini akinipangusa midomo kwa pamba iliyolowa. Ila katika hili hanisikii.

Nikuambie na lingine ambalo hata yeye halijui, kwa sababu nisipolisema ushauri wako hautanifaa. Nimeanza kula kashata usiku. Njaa ya tumbo sina. Iliyobaki ni ya kichwa, inakuja nikiwa nimekaa na hofu hii. Nyama inanikaba, kashata haikabi. Nikiimega kidogo kidogo inayeyuka na kupita, wala hainitetemeshi kama ile shira. Naweza kumaliza nne kabla ya kulala. Mizani imesimama kilo 88 wiki ya sita sasa. Niliambiwa wapo wanaorudisha uzito kwa njia hii hii, kwa vitu laini vitamu, na mimi sina kiwanja kingine cha kuuza.

Na Ramadhani inakaribia. Nimekatazwa kufunga mwaka huu wa kwanza, kwa sababu siwezi kukusanya maji yangu na protini yangu kati ya futari na daku. Kwa chupa ile uliyoona ninavyoinywa, usiku hautoshi. Najua mgonjwa ana ruhusa na siku zake atazilipa. Lakini katika nyumba yetu, nikionekana nakula mchana, mimba itakuwa imethibitika kwa kila mtu. Nikifunga ili nikanushe, nitaanguka. Vidonge vyenyewe nimevificha kwenye kopo la iliki, vya madini ya chuma asubuhi, vya kalsiamu mchana ili visigongane, kila mara nachungulia mlango kwanza.

Kwa hiyo nakuuliza haya. Je, nimweleze mama mwenyewe, bila ridhaa ya mume wangu, au nimsubiri mpaka akubali? Mimi naona aibu ya kusema sasa ni ndogo kuliko ya kuigiza, lakini ni mama yake, na mkamwana akimvunjia mume siri mbele ya mzazi wake nyumba inaweza kutikisika. Na nikisema, nianze na lipi? Na upasuaji, au na kaimati? Naogopa nikianza na upasuaji atasikia tu kwamba nimemwachia achuje supu miezi ile kwa ugonjwa ambao haukuwepo. Wifi yangu mkubwa ni mtu wa busara na mama anamsikiliza. Labda nipite kwake kwanza, au huko ni kuongeza mtu mwingine wa kudanganywa na kudanganya?

Na kama kuna wasomaji wenu waliopitia upasuaji huu, nawaomba waniambie wanafanyaje kwenye sinia. Nimejaribu kushika kipande kimoja cha nyama na kukichezea mpaka wenzangu wamalize. Kinasaidia kwenye harusi kubwa, nyumbani mama anakiona. Na ile ya usiku, nayo mliizimaje? Nimeacha kununua kashata, lakini mimi ni mpishi, nazi na sukari haviishi ndani.

Naomba unijibu upesi ukiweza. Mama amewaalika shangazi wote wa mume wangu Ijumaa ijayo baada ya alasiri, wanisomee dua ya kulinda mimba. Juzi alifungua sanduku lake akatoa mbeleko aliyombebea mume wangu, akaifua, akaianika kwenye kamba ya uani mbele ya dirisha la jiko langu. Nilipika siku nzima naiona.

Mpishi,
Tanga