Baba, nimelipa mtu anibebee mzigo

Lyon, Julai

Baba na Mama wapendwa,

Nawasalimu nyote hapo Busia. Mimi ni mzima, ila midomo imebabuka kwa jua na mapaja bado yananuna nikishuka ngazi. Wandera, msomee Baba polepole, na usiruke habari za gia na breki ukidhani zinakuhusu wewe fundi peke yako. Atazitaka kuliko salamu.

Niliposema kwenye simu kwamba naenda likizo ya baiskeli, Mama aliuliza kama nimefukuzwa kazi. Kazi ipo, Mama. Jiko la hospitali haliwezi kufungwa. Ni kwamba watu wa huku wakipewa likizo yao ya kiangazi, wengine hulala ufukweni na wengine hujitafutia taabu. Julien, tunayepika naye zamu moja, ni wa kundi la pili, na alinisumbua tangu majira ya baridi mpaka nikakubali.

Njia tuliyopita inaitwa Route des Grandes Alpes. Inaanzia Thonon-les-Bains, kando ya Ziwa Geneva, inaishia baharini Nice, zaidi ya kilomita 700. Barabara ni ya lami mwanzo mwisho, lakini tambarare yake ni haba. Unapanda mpaka pale mlima unapoinama kati ya vilele viwili, unavuka, unaporomoka hadi bondeni, unakunywa kahawa, unaanza mlima mwingine. Vipito vyenyewe vya juu hufungwa kwa theluji miezi mingi ya mwaka. Hufunguliwa kama Juni hivi, na tulipopita theluji ilikuwa bado imelala kando ya barabara, chafu, inachuruzika maji.

Hatukuwa na kiongozi. Kuna kampuni inayokupangia: inakukodishia baiskeli, inalipia vyumba, inakutilia njia nzima ndani ya kidude kinachofungwa kwenye usukani kikikwambia pinda hapa, nyooka pale. Asubuhi gari linachukua begi lako na kulipeleka hoteli mtakayolala. Baada ya hapo hakuna anayekuuliza umefika wapi.

Sasa Baba, cheka tu. Wewe ulivusha mpakani kwa baiskeli magunia ya mahindi na akina mama wenye watoto mgongoni, ukalipwa kwa kila safari, na karo zetu zikatoka kwenye kerio ile. Mwanao amelipa pesa nzuri ili mtu mwingine ambebee nguo kwa gari, yeye apande baiskeli bila mzigo. Nilimweleza Julien hayo wakati wa chakula cha jioni. Aliuliza gunia lilikuwa na uzito gani. Nikamwambia kilo mia. Akaweka uma chini, akauliza kama baiskeli ilikuwa na gia. Nikamwambia moja, nayo ni ile iliyotoka nayo dukani.

(Na gari lenyewe halikuwa la kuaminika kila siku. Jioni moja begi lilichelewa mpaka usiku, tukala mezani na kaptura za kubana, sote wawili, katikati ya watu waliovaa kiheshima. Mama, ungeficha uso.)

Wandera, baiskeli yenyewe ni kama kilo nane. Unainyanyua kwa mkono mmoja. Mbele ina meno ya aina mbili, nyuma kumi na moja, na gia nyepesi kabisa ni meno 34 mbele na 34 nyuma, yaani ukizungusha padeli mara moja, gurudumu nalo linazunguka mara moja tu. Ndiyo siri yote ya milima hii. Nilidhani nguvu ndizo zinazopandisha mtu. Kwenye mlima wa kwanza mama mmoja wa makamo, rika lako Mama, alitupita akizungusha miguu upesi upesi kwa gia hiyo nyepesi, akatuamkia kwa heshima, akapotea kwenye kona. Sisi tulikuwa tumesimama juu ya padeli tukijikamua. Tangu hapo tukajua kukaa kwenye tandiko, kuzungusha, na kuacha ubishi.

Mlima nitakaousimulia kwa marefu ni Galibier. Tuliondoka Saint-Michel-de-Maurienne jua halijafika bondeni. Pale ni mita 712 tu kutoka usawa wa bahari, chini kuliko hapo nyumbani. Kwanza unapanda Télégraphe, karibu kilomita 12 ndani ya msitu, hadi mita 1,566. Ukishafika, barabara inakushusha kama kilomita tano mpaka kijiji cha Valloire, na sehemu ya ulichokitolea jasho unakirudisha bure. Hapo nilikasirika kweli. Julien alisema hasira hazina gia, kula ndizi.

Kutoka Valloire zinabaki karibu kilomita 18. Kila kilomita ina kijiwe kilichoandikwa umbali uliobaki, kimo cha pale ulipo na mwinuko wa kilomita inayofuata. Mwanzoni nilivifurahia. Baadaye nikaacha kuvitazama, kwa sababu kuambiwa kwamba mbele kuna asilimia tisa hakuupunguzii mguu chochote. Mahali panapoitwa Plan Lachat barabara inavuka kijito, inakata kulia na kuanza kujipindapinda ukutani mwa mlima. Miti imekwisha, umebaki na majani mafupi, mawe na mlio wa marmoti, wanyama wanene kama pimbi wanaopiga mluzi wakikuona. Pumzi inaingia lakini haishibishi. Kwenye kimo kile hewa ni pungufu kwa karibu robo ukilinganisha na pwani. Kilomita ya mwisho ndiyo kali kuliko zote. Kuna handaki la magari chini kidogo ya kilele, lakini sisi tulipita juu, mpaka mita 2,642. Upepo wa pale ulikuwa wa kumvua mtu kofia.

Baba, sikiliza hili. Mashindano ya baiskeli ya Tour de France yalipita Galibier mara ya kwanza mwaka 1911. Barabara ilikuwa ya vumbi na matope, na wale watu hawakuruhusiwa gia za kubadilisha ukiwa mwendoni. Wengine walikuwa na meno pande zote mbili za gurudumu la nyuma. Wakifika chini ya mlima wanashuka, wanalifungua gurudumu, wanaligeuza, wanalifunga tena, wanaendelea. Gia tunazozijua leo zilikubaliwa kwenye mashindano hayo mwaka 1937. Aliyezipinga miaka yote ni mwenye mashindano mwenyewe, Henri Desgrange, aliyeona ni vitu vya wazee na wanyonge. Mnara wake umejengwa palepale mlimani, karibu na mdomo wa handaki upande wa kusini, na sisi wa 34 kwa 34 tunapiga picha mbele yake bila haya. Kwa maoni yangu wale wa 1911 ni wenzako wewe. Sisi ni abiria wa gia.

Kupanda kukiisha ndipo kazi inapoanza, na hili hakuna aliyeniambia. Unashuka kilomita 20, wakati mwingine 30, mfululizo. Jasho uliloloa nalo linageuka barafu mgongoni. Koti unalivaa kileleni kabla ya kuondoka, si baada ya kuanza kutetemeka. Vidole vinakufa ganzi na vidole ndivyo breki. Ukizikamata bila kuachia zinapata moto na kunuka. Unabana kwa nguvu kabla ya kona, unaachia, unapinda, na macho yanatazama pale unapotaka kutokea, siyo bonde lililo wazi kando yako. Kwenye kile kiteremko cha mtoni ulikuwa ukiniambia nisiibane ya mbele peke yake nikimpakia mtu, nami nilidhani unanionea. Nimeshuka Galibier mpaka kipito cha Lautaret kwa maneno hayo, na kutoka pale tukaiona barafu ya mlima Meije imening'inia.

Iseran ndicho kipito kilicho juu kuliko vyote tulivyovuka, mita 2,764, barabara iliyofunguliwa mwaka 1937. Kiko juu, lakini hakikuniuma kama Galibier. Pikipiki ndizo zilizoniudhi huko, makundi kwa makundi, na kelele zake zinarudi mara mbili kwenye miamba. Izoard ilinipendeza zaidi: karibu na kilele unaingia kwenye nyika ya mawe yaliyomeguka, na nguzo za mwamba zimesimama peke yake kama vichuguu. Hakuna hata jani.

Mama, chakula. Mlimani unakula kabla ya njaa na kunywa kabla ya kiu. Ukingoja tumbo likwambie, umechelewa, miguu inazima. Tulikula kidogo kidogo kila nusu saa: ndizi, mkate, tende. Maji tulijaza kwenye mifereji ya vijijini, ambako karibu kila kijiji kina bomba linalotiririka usiku na mchana. Ukikuta kibao kinachokataza kunywa, unapita. Upande wa Beaufort wanatengeneza jibini kwa maziwa ya ng'ombe wekundu wanaopandishwa malishoni juu wakati wa joto, kengele shingoni. Duara moja la jibini lile lina kama kilo 40. Ni tamu, sikatai. Lakini usiku wa Izoard niliota ugali wa wimbi na mukene, dagaa wetu, wa karanga, nikaamka nimekasirika.

Saa nane mchana tulijitahidi tuwe tumekwishavuka kilele, kwa sababu radi za milima hii huja alasiri na kule juu huna pa kujificha. Siku moja tu ilitukuta, tukakaa kwenye zizi na mbwa wa mchungaji mpaka ikapita.

Nimepewa likizo Desemba, nakuja. Wandera, nataka mimi na wewe tupande kutoka Mbale hadi Sipi na kuendelea Kapchorwa. Niulizie madereva wa taksi barabara ikoje siku hizi na malori ya saruji hupita saa ngapi. Nitakuja na seti ya gia za nyuma, lakini sijui kama zitaingia kwenye fremu yako: pima nafasi kati ya masikio ya nyuma yanayoshika gurudumu, kwa milimita, siyo kwa vidole, kisha nitumie picha. Na pesa za dawa ya Mama nimetuma leo kwa simu yako. Usizikate za mkopo wako.

Mwanenu